Umeme wa Miguu

Nyie mliobaki karakanani mmeniomba niandike habari za kazi yangu, na kwa kuwa mmeomba kwa adabu sina pa kukimbilia. Ya vyeo na mishahara sitayaandika. Anayetaka kujua nani alipandishwa na nani aliachwa aende ofisini, huko ndiko wanakopenda kuyatunza mambo hayo. Mie nataka kuwasimulia namna tulivyokuwa tukichagua mashine ndogo ya kuzalisha umeme, na hasa ile moja iliyonitoa jasho kuliko zote, ya zahanati ya kijiji kimoja mbele ya Kibamba.

Niliingia kazini Uhuru ukiwa bado mchanga. Nilizaliwa Lindi, nikalelewa Temeke kwa shangazi yangu, na nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya umeme wa magari. Karakana yetu, hapo hapo Temeke, ilikuwa banda la mabati lenye sakafu iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Siku ya kwanza msimamizi aliutazama mkono wangu, akaitazama karatasi yangu, kisha akalitazama gauni langu kwa muda mrefu. Hatimaye akasema wanawake wana mikono ya kusuka, kwa hiyo nipelekwe kwenye meza ya koili nikasuke nyaya za shaba. Sikumwambia kwamba kusuka nywele sijui mpaka leo. Shangazi alikuwa akinipeleka kwa jirani.

Kwenye meza hiyo nikamkuta Mzee Nandonde. Alikuwa Mmakonde, mrefu, mwembamba, na kabla ya kuja mjini alikuwa mchonga vinyago. Bisibisi aliishika kama patasi, na kitu chochote alichokifungua alikigeuzageuza kwanza mikononi, kama anayetafuta sura iliyojificha kwenye gogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Waitwa nani?"

"Somoe."

"Somoe, hii nini?" Alinisogezea dinamo ya lori, nzito kama jiwe la kusagia.

"Dinamo."

"Inafanya nini?"

Nilitoka kozini, majibu yalikuwa bado ya moto. "Inatoa umeme."

"Haitoi kitu," akasema. "Inageuza tu. Ukiipa nguvu ya kuzunguka, inakurudishia umeme, tena pungufu. Usipoizungusha, ni chuma cha kuzuilia mlango."

Na kweli, siku ya upepo tuliitumia kuzuilia mlango.

Mzee Nandonde hakuwa na maneno mengi. Mtu akija na shida ya umeme, yeye hakuanza na mashine. Aliuliza nani atakayeizungusha, kwa kasi gani, na kwa muda gani. Kisha akauliza umeme wenyewe utanywewa na nini. Akishapata majibu hayo ndipo aliponyanyuka kwenda kwenye rafu. Sie vijana tulikuwa tukifanya kinyume. Tulichagua kwanza mashine iliyotupendeza, halafu tukaanza kuitafutia kazi.

Chombo alichokipenda kuliko vyote alikitengeneza mwenyewe. Kilikuwa balbu ya taa ya breki iliyochomelewa nyaya mbili, basi. Tulikuwa na mita nzuri ya mshale ndani ya sanduku la ngozi, lakini yeye alisema mita inamwambia namba, balbu inamwambia ukweli. Volti kumi na mbili zinaweza kuonekana kwenye mshale na zisiweze hata kuupasha joto waya wa balbu. Mpaka nastaafu nilikuwa na balbu yangu ya namna hiyo mfukoni, na kila nilipokaa vibaya ilinivunjikia.

Miaka ya Azimio ikaja, watu wakahamasishwa kuishi pamoja vijijini, na sie wa karakana tukaanza kutumwa huko kujitolea. Siku moja akaja mwanamke mfupi, mweusi tii, amevaa sare ya nesi iliyopigwa pasi kama bendera. Alikuwa Nesi Perpetua, mkunga wa zahanati ya kile kijiji cha mbele ya Kibamba. Wanakijiji walikuwa wameijenga zahanati hiyo kwa mikono yao, matofali ya udongo na bati juu.

"Ndugu mafundi," akasema, "nina chumba, nina kitanda, nina mikasi. Taa ndiyo sina. Nazalisha watu kwa kibatari, na mafuta ya taa yenyewe siku hizi ni kubahatisha."

"Kijijini kuna kitu gani kinachozunguka?" Mzee Nandonde akamuuliza.

Nesi akafikiri. "Mashine ya kusaga."

Tukaenda kuiona. Ilikuwa injini ya dizeli ya mwendo wa polepole, yenye gurudumu kubwa la chuma pembeni, imefungwa nje ya ukuta, na mkanda wake ukipita dirishani kwenda kwenye jiwe la kusagia. Ilikuwa ikifanya kazi kila siku, asubuhi mpaka alasiri. Mzee akasimama kuisikiliza, kisha akaniuliza mie ningechagua nini.

Wakati huo altaneta, mashine za umeme zilizokuja kuchukua nafasi ya dinamo, zilikuwa zimeanza kuingia kwenye magari mapya, na mie nilikuwa nimezipenda kama watu wanavyopenda viatu vipya. Ni nyepesi, zinatoa umeme mwingi, hata gari likiwa linanguruma pale pale. Nikasema altaneta.

"Betri ikiisha kabisa?" akauliza.

Mnajua wenyewe kwamba altaneta inahitaji kuonjeshwa umeme wa betri kwanza ndipo iamke. Betri ikiwa imekufa, unaweza kuizungusha mpaka magharibi isikupe kitu. Dinamo ya zamani, ile nzito, ina usumaku kidogo uliobaki kwenye chuma chake. Ukiizungusha kwa kasi ya kutosha inajiamsha yenyewe.

"Na siku mtu akigeuza nyaya za betri," akaendelea, "altaneta inaungua mle ndani, na dukani hakuna ya kubadilisha. Hii dinamo brashi zake, hivi vipande vya kaboni vinavyosugua mhimili, zikiisha, nesi atachukua kaboni ya betri kuukuu ya redio, ataichonga kwa wembe, itamvusha wiki mbili. Somoe, chagua mashine ambayo huyu mama ataweza kuishi nayo sie tukishaondoka."

Basi tukafunga dinamo ya lori, ijaze betri mchana ili taa iwake usiku. Tuliweka puli ndogo kwenye dinamo, na mkanda tukauzungusha kwenye lile gurudumu kubwa la injini, ili mwendo wa polepole uwe wa kasi. Tuliifunga nje, mbali na vumbi la unga, kwa sababu brashi hutoa cheche na unga ukitanda hewani huweza kulipuka. Tukaweka na kile kisanduku tulichokiita katauti, cha kuzuia umeme wa betri usirudi kwenye dinamo injini inaposimama. Kina mama waliopanga foleni na mahindi yao walitutazama kwa mashaka. Mmoja akasema taa itaula unga wao. Mzee akawaambia dinamo ile inakula nguvu ndogo tu, kiasi cha nzi juu ya mgongo wa ng'ombe. Walicheka, lakini nadhani hawakuamini mpaka unga ulipotoka kama kawaida.

Taa hiyo iliwaka miaka kadhaa. Nilikwenda kila mara kusafisha ncha za katauti kwa msasa laini, na kila nilipokwenda Nesi Perpetua alinionyesha watoto wanaotambaa uwanjani kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Halafu dizeli ikaadimika. Nyie wadogo mmesikia tu, sie tuliishi. Magari yalilala karakanani, na mabasi ya barabara ya Morogoro yalikuwa yakingojwa kama mvua. Mashine ya kusaga ikasimama, kina mama wakarudi kwenye vinu, na dinamo yetu nzuri ikageuka kuwa kile alichonieleza Mzee siku ya kwanza.

Nesi Perpetua akaja tena Temeke. Safari hii sare haikuwa na pasi. Alikaa kwenye benchi, akapewa maji, hakuyanywa.

"Somoe, juzi nimemshona mtu kwa kupapasa," akasema. "Mafuta ya taa yaliniishia mkononi. Damu nasikia joto lake tu, sijui inatoka wapi."

"Yupo?"

"Yupo. Mungu alishika sindano. Lakini sitaki kumwomba Mungu kazi hiyo mara ya pili."

Wakati huo Mzee Nandonde alikuwa ameshastaafu, macho yakiwa yameanza ukungu, na anaishi kwa binti yake Kimara. Meza ilikuwa yangu. Nikajiuliza maswali yake. Ni nini kingine kinachozunguka pale kijijini? Mto hakuna. Upepo wa Kibamba hauaminiki. Nikaona kitu kimoja tu kisichohitaji dizeli, nacho ni miguu ya watu.

Wenzangu wakalipenda wazo. Tukaifunga ile ile dinamo ya lori kwenye baiskeli, na kijana wetu mmoja aliyekuwa akicheza beki Jumapili akapanda kwa mbwembwe. Alipiga pedeli mpaka shati likamganda mgongoni, na balbu haikuonyesha hata wekundu. Tukajaribu altaneta. Mwanzoni ilizunguka kwa wepesi, tukashangilia, lakini nilipoiunganisha na betri iwe na usumaku, pedeli zikawa nzito kama zimefungwa mawe. Yule beki akashuka, akasema afadhali akasukume lori.

Jumapili nikaenda Kimara, na nilipofika Mzee alikuwa amekaa barazani akichonga mwiko kwa kupapasa tu.

"Nani anazungusha?" akaniuliza hata kabla sijamaliza.

"Mtu. Kwa miguu."

"Mtu ana nguvu gani?"

"Kidogo."

"Na dinamo inakula nini kabla ya kutoa?"

Hapo nikaelewa, na nilijisikia kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo huku kaushika. Dinamo na altaneta zote mbili hutengeneza usumaku wake kwa kula umeme. Injini ya dizeli haihisi, kwa sababu ina nguvu za kutupa. Mtu akizungusha, karibu nguvu zake zote zinaliwa mle ndani kabla taa haijapata kitu.

"Nataka yenye sumaku yake ya kudumu," nikasema. "Isiyokula."

"Kaitafute," akasema, akarudia mwiko wake. Nilipoaga akaongeza, "Sijui itapatikana wapi, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

Dinamo ndogo ya taa ya baiskeli ina sumaku ya kudumu, lakini haina uwezo wa kujaza betri ya gari. Nilihitaji kubwa kuliko hiyo na ndogo kuliko zangu. Nikaenda kwa Mzee Salim, Mwarabu aliyekuwa na duka la vipuri vikuukuu Temeke, ambaye familia yake ilikuwa pale tangu kabla barabara haijawekwa lami. Duka lake lilikuwa la utaratibu anaoujua yeye tu.

"Karibu, bibie. Leo watafuta nini?"

"Natafuta mota ndogo ya volti kumi na mbili, yenye sumaku ndani badala ya koili."

"Mota ya nini?"

"Ya chochote."

Akanitazama kwa huruma. Kisha akakumbuka kitu, akaanza kucheka peke yake. Akanipeleka nyuma ya duka, akafunua gunia. Ndani mlikuwa na mota za feni zimejaa kutu kwa nje, kumi au zaidi.

"Zatoka kwenye malori ya Ulaya," akasema. "Ni feni za hita. Za kumpashia dereva joto."

"Joto? Dar es Salaam?"

"Ndiyo maana zimekaa. Kila lori likija kufa hapa, mafundi wanachukua kila kitu, hii wananiachia. Sijapata mteja tangu nizaliwe."

Nikazungusha mhimili wa moja kwa vidole. Ulikuwa ukizunguka kwa kukwamakwama, tikitiki, kama unaovutwa na mikono isiyoonekana. Hiyo ndiyo sumaku. Nikatoa balbu yangu mfukoni, nikaiunganisha, nikaukokota mhimili kwenye ukuta kwa nguvu. Waya ndani ya balbu ukawa mwekundu kidogo, kisha ukazima. Nilimkumbatia Mzee Salim, jambo ambalo halikuwa la desturi, na yeye akatazama mlangoni kama kuna aliyeona.

Mota ya namna hiyo, mnajua, ukiipa umeme inazunguka, na ukiizungusha inatoa umeme. Ni njia moja yenye kwenda na kurudi. Nikaifunga nyuma ya baiskeli kuukuu iliyosimamishwa kwenye kitako cha mbao, gurudumu la mbele limetolewa na la nyuma likiwa hewani. Kwenye mhimili wa mota nikavalisha kipande kidogo cha bomba chenye ngozi ya tyubu, kikalala juu ya tairi. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja, kile kibomba kinazunguka mara nyingi sana, na kasi ndiyo niliyoitaka. Yule beki akapanda tena, kwa shingo upande. Alipiga pedeli kama anayekwenda sokoni, na balbu ikawaka nyeupe. Akaendelea huku akituuliza tulikuwa tunamtesa kwa nini siku zile nyingine.

Tatizo likabaki moja, na lilijitangaza lenyewe. Niliiacha imeungwa na betri nikaenda kunywa chai, na beki aliposhuka, gurudumu likaendelea kuzunguka bila mtu. Mlinzi wetu alitoka mbio mpaka barabarani, akaapa karakana imeingiliwa na jini. Ni umeme wa betri tu uliokuwa ukirudi na kuiendesha mota. Nikang'oa dayodi moja nzima kutoka kwenye altaneta iliyokufa, kile kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, nikakiweka njiani. Mlinzi alirudi, lakini baiskeli ile hakuisogelea.

Tukaipeleka Kibamba siku ya masika. Betri niliyoipata ilikuwa kuukuu, na haikuwa na chaji ya maana. Nilipanga ichajiwe taratibu siku mbili tatu kabla haijategemewa. Nilikuwa bado nafunga waya wa mwisho barazani, adhuhuri, mvua ilipoanza kumwagika kwa namna ile ya kufunga dunia. Nesi akafunga madirisha ya mbao yasiingize maji, na chumba cha kuzalishia kikawa giza kama pango.

Katika mvua hiyo akatokea mwanamume anasukuma baiskeli ya kubebea mkaa, na mahali pa gunia amekaa mkewe, amemshika mabega, anauma kanga. Walikuwa wametoka mbali, upande wa Pugu. Aliitwa Shabani. Alimshusha mkewe, akamkabidhi kwa nesi.

Nesi alimwingiza mama ndani, na haukupita muda akapaza sauti. "Somoe! Taa!"

Nikawasha. Balbu ilitoa wekundu wa kaa linalokufa. Betri haikuwa na kitu.

Nikamgeukia yule bwana. "Unaweza kupanda baiskeli?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi panda hii."

Akaitazama ile baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. "Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Mkeo anahitaji mwanga."

Hakuuliza tena. Akapanda na nguo zake zinachuruzika maji, akaanza. Kupitia mlango uliofunguliwa kidogo tukaona ukuta wa ndani ukigeuka kutoka wekundu hadi manjano, kutoka manjano hadi weupe. Nesi akasema, "Hapo hapo! Usipunguze!"

Lakini kila mkewe alipopiga ukelele Shabani alisita, na kila aliposita mwanga ulizama. Mara ya tatu sauti iliyotoka ndani haikuwa ya nesi.

"Shabani! Usisimame!"

Basi akainamisha kichwa juu ya usukani, akapiga pedeli kama mtu anayepanda kilima na magunia matatu. Nikasimama karibu naye na mkono juu ya mota. Ilikuwa imepata moto, lakini ilivumilia. Nilisali, sijui niliisalia mota au mama.

Mtoto akalia. Miguu ya Shabani ikasimama yenyewe, uso wake ukafunguka, na chumba kikaingia giza.

"Nani kakwambia kazi imekwisha?" Nesi akafoka. "Huyu anatoka damu! Nataka kuona!"

Akaanza upya. Nikamwambia, "Shuka, kaka, nikupokee. Umechoka." Akatikisa kichwa bila kunitazama. Mwanga ukarudi, ukakaa. Ndani kukawa kimya, isipokuwa mtoto na mkasi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimsikia Nesi Perpetua akiimba chini chini huku akifanya kazi, wimbo wa kanisani, polepole, kama mtu anayeona vizuri anachokifanya.

Baadaye bibi mmoja msaidizi akatoka na mtoto kwenye kanga, akamletea baba yake pale barazani.

"Binti," akasema. "Haya, shuka umpokee mwanao."

Shabani alimtazama mtoto, machozi na maji ya mvua yakichanganyika usoni. Miguu yake haikusimama.

"Nesi ameshamaliza kushona?"

"Bado kidogo."

"Basi mshike wewe kwanza, bibi," akasema, na akaendelea kupiga pedeli.